Bila ardhi, akiba ya wapangaji wa Kaaga haitajenga nyumba

MJI wa Meru unazidi kupanuka kuelekea Kaaga, mahali ambapo Wamethodisti walianzisha misheni yao mwaka wa 1912. Kadiri mashamba yanavyogeuzwa kuwa ploti, ndivyo mpangaji wa kipato cha chini anavyozidi kusukumwa pembeni.

Si kwamba wananchi hawajui kusaidiana. Katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya wanawake katika maeneo ya Mlima Kenya vilichanga fedha na kununua mabati ya kuezeka nyumba za wanachama, zamu kwa zamu. Hata hivyo, wanawake hao walikuwa na shamba la familia la kusimamishia nyumba. Mpangaji wa leo hana.

Hapo ndipo mfano wa Huruma, jijini Nairobi, unapofaa kutazamwa. Wakazi wa mtaa wa mabanda wa Kambi Moto, wakiwa katika vuguvugu la Muungano wa Wanavijiji lililoanza 1996, waliweka akiba kidogo kidogo, wakajihesabu wenyewe, kisha wakajadiliana na Baraza la Jiji lililomiliki ardhi hiyo. Makubaliano yalipopatikana mwaka wa 2003, walianza kujenga nyumba za ghorofa kwa nguvu zao. Akiba iliwapa sauti, lakini ni ardhi iliyofungua mlango.

Huko Voi, wakazi wa Tanzania-Bondeni walikwenda mbele zaidi miaka ya 1990. Walichagua ardhi imilikiwe na jamii nzima: mtu aweza kuuza nyumba yake, lakini si ardhi iliyo chini yake. Nia ilikuwa kuwazuia wenye fedha wasiwanunue maskini mmoja baada ya mwingine. Mfumo huo una gharama yake, kwani asiye na hati yake binafsi hupata shida kukopa benki, na viongozi wasipowajibika wote huumia.

Serikali nayo, kupitia Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Lakini mpango huo humfanya mwananchi mnunuzi tu, si msimamizi wa makao yake.

Iwapo Kaunti ya Meru itatenga ardhi ya umma kwa wapangaji waliojisajili kama chama cha ushirika, vyama vya akiba vitakuwa na pa kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho huhitaji mahali pa kukaa.