Wakibadilisha njia ya kuomba bursi, watuambie na sisi wa Wamaza



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Leta yakitoka, watoto wanajipaka poda, mama wanapiga vigelegele, muziki unalia mpaka usiku. Kisha siku mbili tatu ulizo linaingia nyumbani: minervali ya chuo itatoka wapi? Hapo kila mtu anaanza kutafuta bursi. Na hapo ndipo tunasikia kwamba njia ya kuomba imebadilika tena, na tarehe imeisha pita.

Tunachotaka kusema leo ni kimoja tu. Bursi ambayo masharti yake yanabadilika bila tangazo kufika kijijini, hiyo si bursi ya raia wote. Ni bursi ya wale wanaokaa karibu na ofisi.

Wengine wanasema Kongo haikujua kamwe kusaidia wanafunzi. Si kweli. Wazee wetu waliosoma chuo kikuu miaka ya 1960 na 1970 walipata bursi ya Leta. Watu walikufa juu yake: tarehe 4 mwezi wa 6, 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, na kuongezewa bursi kulikuwa kati ya madai yao. Askari wakawapiga risasi. Leo mwanafunzi wa chuo cha Leta anajilipia, ao baba anauza shamba. Katiba ya 2006, artikle ya 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni ya bure, na toka mwezi wa 9, 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Lakini ukifika mlango wa chuo kikuu, uko peke yako.

Kilichobaki ni nafasi chache. Kuna Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, kwa waliopata pointi za juu sana kwa mtihani wa Leta. Kuna bursi za nchi za kigeni, nyingi zinapitia Kinshasa. Nafasi zikiwa chache hivi, namna ya kuomba ndiyo inaamua kila kitu. Karatasi moja ikikosekana, mtoto ameanguka bila mtu kuangalia hata pointi zake.

Mdogo wangu yalimfika. Tulitengeneza dosie yake vizuri, kopi zote na mihuri, ikaenda kwa pikipiki mpaka Kindu, zaidi ya kilometa 200, na Lualaba ya kuvuka. Kufika, mtu wa ofisi akasema: siku hizi ni kwa intaneti tu, na imefungwa juzi. Tangazo lilikuwa limewekwa kwa intaneti hiyo hiyo, kwa Kifaransa. Hakuna radio iliyolisoma, hakuna prefe wa masomo aliyepewa barua. Leo mdogo wangu yuko Salamabila, anachimba dhahabu. Anasema atarudi masomoni. Mimi niko na diploma ya chuo kikuu na sina kazi, kwa hiyo sina nguvu ya kumwambia rudi leo.

Watu wasitusikie vibaya. Sisi hatupingi intaneti. Dosie ya karatasi tunaijua: inapotea ndani ya kabati, inaomba matabishi ili ipande juu ya zingine. Mashine haina shemeji wala mtoto wa mjomba. Lakini mashine inataka rezo, mega, anwani ya barua pepe, na mtu wa kukuonyesha. Kwetu rezo inakuja na kwenda, simu tunachaji kwa paneli ya jua.

Na cheti cha kuzaliwa? Sheria inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto bure. Zikipita, inabidi kwenda tribinali kutafuta hukumu. Ni watoto wangapi wa vijiji vyetu waliandikishwa ndani ya siku 90? Kijana wa miaka 18 anaanza kutafuta ushahidi kwamba alizaliwa, wakati tarehe imebaki wiki mbili.

Tuangalie majirani. Tanzania iko na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu toka 2005. Ni mkopo, si zawadi, na masharti si mepesi: unaomba kwa intaneti, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe. Lakini mwongozo unatoka pia kwa Kiswahili. Mama wa sokoni anaweza kusomewa na akaelewa.

Kenya inatufundisha upande mwingine. Mwaka 2023 serikali yao ilibadilisha mfumo kwa wanafunzi wapya: kila anayeingia chuo aombe kwa intaneti, apangwe kwa kundi kufuatana na umaskini wa nyumba yao. Wengi walilalamika kwamba kundi walilowekwa halifanani na maisha yao. Tarehe 20 mwezi wa 12, 2024, Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema mfumo huo unavunja katiba. Mwezi wa 3, 2025, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule, mfumo ukaendelea. Mwanafunzi yuko katikati. Lakini hata hivyo, watu walijua walichonyimwa na walikuwa na mahali pa kushitaki. Kwetu mtoto ananyimwa na hakuna anayejua kwamba aliomba.

Kuna mkubwa atasema: mtoto mwenye akili atajitafutia. Tunamjibu: akili inapimwa kwa mtihani, haipimwi kwa ukaribu na siberi.

Kwa hiyo tunaomba serikali, wadepite wetu wa Kasongo na Kabambare, na wote wanaotoa bursi:

1. Mabadiliko yoyote yatangazwe miezi 3 mbele, kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa radio za teritware na kwa kila shule yenye wafinalisti.

2. Mwaka wa kwanza wa mabadiliko, njia ya zamani isifungwe. Dosie ya karatasi ipokelewe kwa sudivizio ya masomo, na mtoto apewe risiti yenye muhuri na tarehe.

3. Tribinali zije vijijini kutoa hukumu za kuzaliwa kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, si kisha.

4. Waseme wazi: kila provinsi imeomba watu wangapi, imepata wangapi, na asiyeridhika alalamike wapi.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshinda serikali.

Na sisi tusikae mikono mifukoni. Wenzangu wenye diploma bila kazi, tuko wengi: twende kwa shule, tuwafungulie wafinalisti barua pepe, tuwasomee masharti, tupige picha za karatasi zao kabla mvua haijaziharibu. Wazazi, ulizeni cheti cha mtoto leo, msingojee matokeo. Wafinalisti, jina lako liandikwe namna moja kwa karatasi zote.

Mwaka huu tutaandika kila tangazo litakalofika Wamaza, na siku lilipofika. Likichelewa, tutapeleka daftari hilo mbele ya administrateri wa teritware, na tutamwomba atie sahihi kwamba ameliona.