Admirali Padilla: Aliyeuawa, Kisha Akaenziwa

Kila ninapofundisha ukombozi wa Amerika ya Kusini, wanafunzi wangu huwa wanamjua Simón Bolívar. José Prudencio Padilla hawamjui. Kutojua huku hakukutokea kwa bahati mbaya.

Padilla alizaliwa mwaka 1784 huko Riohacha, pwani ya Kolombia ya leo, mtoto wa fundi wa mashua mwenye asili ya Kiafrika. Akiwa baharia wa Hispania alipigana Trafalgar mwaka 1805, akatekwa na Waingereza. Baadaye aliigeuzia Hispania mizinga. Tarehe 24 Julai 1823 aliziangamiza manowari zake katika Ziwa Maracaibo. Siku kumi baadaye Jenerali Morales alisalimu amri. Bila ushindi ule, uhuru wa Kolombia na Venezuela ungebaki mashakani.

Jamhuri ilimlipa nini? Mwaka 1824 matajiri wa Cartagena walimbagua mwenzi wake, mwanamke wa damu mchanganyiko. Padilla alichapisha waraka wa hadharani kuwakumbusha kwamba upanga uliomshinda mfalme ungeweza pia kutetea usawa. Tangu hapo wakubwa walimwona kuwa tishio.

Machi 1828 aliongoza uasi mfupi Cartagena, akafungwa Bogotá. Usiku wa 25 Septemba, watu waliokula njama ya kumwua Bolívar walimwua mlinzi wake gerezani ili wamtoe. Tarehe 2 Oktoba alivuliwa cheo, akapigwa risasi, na maiti yake ikatundikwa.

Wapo watakaosema: aliasi, sheria ikafuata mkondo wake. Ni kweli aliasi. Lakini José Antonio Páez, aliyehesabiwa mweupe, aliongoza uasi mkubwa zaidi Venezuela mwaka 1826. Bolívar alimsamehe na kumwachia madaraka. Francisco de Paula Santander alihukumiwa kifo kwa njama ile ile ya Septemba. Adhabu yake ikageuzwa kuwa uhamisho. Sheria gani hii inayotazama ngozi kabla ya kutazama kosa?

Bolívar mwenyewe alilijua jibu. Novemba 1828 aliandika kwamba kilichomtesa ni malalamiko ya haki ya watu wa tabaka la Padilla na la Manuel Piar, jenerali mwingine wa damu mchanganyiko, aliyepigwa risasi mwaka 1817. Dhamiri ilizinduka, lakini maiti haifufuki kwa majuto.

Leo chuo cha maofisa wa majini cha Cartagena kina jina la Padilla, na uwanja wa ndege wa Riohacha pia. Sipingi heshima hiyo. Ninachokataa ni heshima inayokuja baada ya risasi, kisha ikatumika kuifunika risasi yenyewe. Marehemu hadai usawa, ndiyo maana ni rahisi kumpamba.

Nanyi mnaosomea utawala, na ninyi mlio tayari maofisini, msiipime dola kwa majina iliyoyabandika kutani. Ipimeni kwa namna inavyomhukumu aliye hai asiye na ukoo mkubwa, siku anapokosea kosa lile lile alilosamehewa mkubwa.