Kiherehere wa Gheto Asiadhibiwe

Nimerudishiwa hadithi yangu. Si mara ya kwanza, na sina kinyongo na kukataliwa. Mwandishi ambaye hajawahi kukataliwa basi hajawahi kutuma kazi. Kinachonikera ni sababu. Hadithi yenyewe inahusu wasichana watatu wa sekondari waliopanga chumba kimoja hapa Itaka, wilayani Mbozi. Mmoja anapenda, wawili wanaingilia mpaka penzi linavunjika. Ni kichekesho mwanzo mpaka mwisho. Mhariri, ambaye simtaji kwa kuwa mawazo haya si yake peke yake, alinipa maelekezo mawili. Kwanza, kazi ni nyepesi mno. Pili, nikitaka ifikiriwe tena, wale wawili wapate adhabu mwishoni ili jamii ijifunze kwamba umbea ni mbaya.

Siwaadhibu. Na ngoja niseme kwa nini, maana naona tumeuzoea ugonjwa huu katika fasihi yetu hadi tunauita maadili.

Kwa msomaji wa mjini ambaye gheto kwake ni chumba cha kijana anayejitegemea, huku kwetu neno hilo lina mzigo mwingine. Shule za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, watoto wa wakulima walipata sekondari karibu. Karibu kwenye ramani, yaani. Ukiwa kijiji cha pembeni, karibu hiyo ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na shule nyingi zilikuwa za kutwa. Bweni hakuna. Mzazi anafanyaje? Anampangia binti yake chumba jirani na shule, anamletea debe la mahindi, maharage na mafuta kidogo, anamwambia "usome mwanangu," anarudi shambani. Binti ana miaka kumi na minne, kumi na mitano. Kuanzia hapo mlezi wake ni yule aliyelala naye kitanda kimoja.

Sisi tulikuwa watatu kwenye kitanda cha futi nne. Mmoja tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliendesha chumba kama mkutano wa kitongoji: agenda, mengineyo, kufunga kikao. Mwingine ndiye aliyependa. Wa tatu ni mimi, katibu. Nilikuwa naandika hata madeni ya chumvi.

Msimu wa kahawa ukianza huku, pesa inaingia kijijini, na pamoja na pesa wanaingia wanaume wenye pikipiki. Mmoja akamwona mwenzetu njiani akitoka kisimani. Baada ya wiki mwenzetu ana simu ndogo, ameificha ndani ya debe la mahindi, kana kwamba zamu ya kupika ugali haizunguki. Mwenyekiti akaikuta. Kikao kikaitishwa usiku huohuo, mwenye simu akiwa amelala. Agenda moja.

Hatukumsema. Tulijibu meseji. Yule bwana aliandika kwamba hapati usingizi, sisi tukamjibu kwamba hata sisi hatupati, sukari imeisha. Kesho yake akaleta kilo mbili. Tukaendelea: mafuta ya kula, madaftari makubwa, sabuni ya kufulia. Mwenzetu akawa anashangaa mapenzi gani haya yanayokuja na sabuni ya mche. Siku bwana alipoomba wakutane gulioni, tulikwenda watatu, na sare za shule, na Mwenyekiti ameshika daftari. Akamuuliza kwa heshima zote: "Shikamoo kaka. Una mke? Watoto wangapi? Nyumbani kwenu wanajua kwamba unachumbia kidato cha pili?" Bwana akapiga kiki, pikipiki ikagoma. Akapiga tena, ikagoma. Ikabidi aisukume mlimani huku wamama wa nyanya wakimshangilia.

Tulicheka wiki nzima. Mwenzetu hakucheka. Alikaa karibu mwezi bila kutusemesha, akawa analala ameupa uso ukuta, na kwenye kitanda cha futi nne mtu akikununia unaisikia nuna yake mgongoni.

Sasa hiyo ndiyo hadithi ninayoambiwa ni nyepesi.

Kwenye ua uleule kulikuwa na chumba cha pili. Aliishi binti mmoja peke yake. Kwao walikuwa na uwezo kidogo, wakaona bora asibanane na wenzake. Hakuwa na wa kumfukulia debe, wala wa kumjibia meseji. Alimkaribisha mtu wake kimya, na sisi kwa adabu zetu tulijifanya hatuoni, maana si chumba chetu. Aliacha shule kidato cha tatu, akiwa na mimba. Hiyo ilikuwa kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Yeye hakuwa na pa kurudi. Katika ua mmoja, chumba kilichojaa umbea wote walimaliza kidato cha nne, na chumba kilichojaa faragha kilifungwa kufuli katikati ya mwaka. Halafu mtu ananiambia nimwadhibu mwenye umbea!

Najua nitakachojibiwa: sheria ipo. Ni kweli. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Lakini sheria hiyo inafika mimba ikishakuwepo. Kiherehere wa chumbani anafika wakati bado ni meseji. Wala sisemi umbea ni mbadala wa bweni. Bweni lijengwe, mlango uwe na komeo, matroni awepo. Nasema tu kwamba kabla ya bweni, na hata ndani ya bweni, kuna mtu huyu, na fasihi yetu inamdhulumu.

Mtazame anavyochorwa. Kwenye filamu za Bongo rafiki wa chumba kimoja namjua akitokea tu. Atatabasamu upande, atampokea shemeji sebuleni mwenyewe akiwa hayupo, na kabla ya sehemu ya pili atakuwa amemwiba au amekwenda kwa mganga. Akiingilia, basi ana wivu. Hakuna anayeingilia kwa sababu anaona. Na nyumba yenyewe! Wapendanao wana sebule yenye makochi meupe, geti, na mlinzi wa kuwafungulia. Nani kati yetu alipendea hapo? Wengi wetu tulipendea kwenye nyumba za kupanga, vyumba vinatazamana koridoni, choo kimoja, na jirani anajua umegombana na mwenzio kabla wewe mwenyewe hujajua. Ukiondoa jirani huyo umeondoa nusu ya mapenzi yetu, na kicheko chote.

Shuleni nako tulifundishwa kuzima kicheko. Tulisoma *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, akili yake inaishia kwa mmoja, Mazoea, binti wa mwenyeji wake, na karatasi za sensa zinaishia motoni. Darasa lilivunjika mbavu. Kisha mwalimu akaandika ubaoni: dhamira, uzembe kazini, dhamira, ulevi, ujumbe, tusiendekeze mapenzi kazini. Tukanakili. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tulicheka, wakati kicheko ndicho kilichotufanya tumwelewe Ngoswe: hata sisi tungesahau sensa. Tukasoma na *Kilio Chetu*, ambamo vijana wasioelezwa ukweli kuhusu mwili wao wanalipa kwa UKIMWI. Kazi nzito, inayohitajika, siidharau. Lakini ukiwapa watoto wa gheto msiba peke yake, wanajifunza kwamba penzi la ujanani lina mwisho mmoja. Sisi tulijua una mwisho mwingine. Pikipiki inagoma, mtu anasukuma.

Na wanaodhani kichekesho cha mapenzi ni kazi ya watu wasio na la kufanya, wakumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, rais wa nchi, alikaa akakitafsiri kimoja. *Mabepari wa Venisi*, ya mwaka 1969, tunaikumbuka kwa deni na ratili ya nyama. Lakini itazame tena. Mwanamke anavaa nguo za kiume, anaingia mahakamani kumwokoa rafiki wa mumewe bila kuombwa na mtu, kisha anamzungusha mumewe kwa mchezo wa pete. Huo ni nini kama si kiherehere? Shakespeare hakumwadhibu. Alimwachia ushindi.

Hata hivyo nisijifanye malaika, maana kuna sehemu ya hadithi yangu ambayo mhariri hakuitaja kabisa, na ndiyo inayoniuma. Mwaka uliofuata mwenzetu yuleyule aliandikiwa barua na kijana wa darasa letu. Barua ya heshima tu, ya kumwomba wasome pamoja hesabu, na chini kidogo kwamba anapenda anavyocheka. Tuliikuta kwenye daftari. Tukaisoma kwa sauti uani, Mwenyekiti akisahihisha herufi kubwa na ndogo kwa kalamu nyekundu. Kijana akasikia. Hakumsalimia tena mpaka tunafanya mtihani wa mwisho. Siku ile tulitumia silaha ileile kwa mtu asiye na kosa, na tukacheka kicheko kilekile. Mwenzetu alituuliza swali moja: "Mtajuaje nani wa kumfukuza?" Hatukuwa na jibu. Mimi sina hadi leo.

Hilo swali ndilo hadithi yangu. Mwenye kuingilia anaokoa leo, kesho anaharibu, na mkono ni uleule. Ukimfanya mbaya ili aadhibiwe, swali limekufa. Ukimfanya shujaa, limekufa vilevile. Kichekesho kinamwacha abaki chumbani, usiku, akisikia mwenzake anavyopumua kwa hasira mgongoni kwake, akijiuliza kama alifanya vyema. Nionyesheni kazi nzito inayofanya zaidi ya hapo.

Basi nimemwandikia mhariri kwamba mwisho haubadiliki. Wasichana watatu wanabaki na kitanda chao, na sukari ya yule bwana inaisha taratibu. Nitaituma kwingine. Kabla ya kuituma nimempigia mwenzetu simu, yuko Tunduma siku hizi, ana duka. Nikamsomea sehemu ya gulio, akacheka mpaka mteja akamuuliza kulikoni. Nikamsomea sehemu ya barua. Akanyamaza. Kisha akaniambia: "Hiyo usiitoe."

Siitoi.