Tanzia si mali ya wanafunzi hodari pekee

SERA ya kuhakikisha kila mtahiniwa wa KCPE anajiunga na shule ya upili, iliyoshika kasi mwaka wa 2018, iliwaketisha katika darasa moja mtoto aliyepata alama 380 kati ya 500 na mwenzake aliyepata 150.

Katika shule za kutwa za miji kama Kitengela, Kaunti ya Kajiado, pengo hilo hujitokeza mapema katika somo la Kiingereza. Mji huo, uliokuwa na zaidi ya wakazi 150,000 katika sensa ya 2019, umekusanya familia za wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi na Wamaasai ambao ndio wenyeji. Wapo watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani, na wapo wanaokutana nacho darasani tu.

Tanzia ya kigeni ndiyo huwapima wote. A Doll's House, tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen iliyochapishwa 1879, ilikuwa kitabu cha lazima katika KCSE kabla ya The Samaritan ya John Lara kushika nafasi hiyo. Katika maandalizi yake ya 1878, Ibsen aliiita tanzia ya kisasa. Mhusika mkuu, Nora, hafi. Kinachokufa ni ndoa yake.

Njia rahisi ya kukabiliana na darasa la aina hii ni kumwachia hodari tamthilia na kumpa mnyonge mwongozo akariri. Njia hiyo humponza yule yule inayodai kumsaidia. Mtihani hutoa dondoo na kuuliza yaliyotokea kabla au baada yake. Aliyekariri orodha ya maudhui hana pa kushika.

Isitoshe, tamthilia huandikwa ili isikike. Inapoigizwa darasani, kila mmoja hupata sehemu inayomfaa. Mwanzoni mwa A Doll's House, mchukuzi hutaja ujira wake kwa maneno machache, na Nora humlipa zaidi ya alichotaja na kumwachia chenji. Mwanafunzi anayesoma kwa kusitasita anaweza kulibeba jukumu hilo, na darasa zima likaona mapema jinsi fedha zinavyompita mama huyu mikononi.

Kisa chenyewe si kigeni Kitengela. Nora alikopa kwa siri ili kuokoa maisha ya mumewe, akaghushi sahihi ya babake kama mdhamini, na tarehe ikamsaliti: sahihi ilionyesha siku tatu baada ya mzee kufariki. Mtoto ambaye mamake ana deni la chama au la shailoki ambalo baba halijui, anaelewa hofu ya Nora kabla ya kuelewa sentensi zake.

Kuna watakaopinga kisa kuelezwa kwanza kwa Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Hoja yao ina uzito, kwani jibu la mtihani ni lazima liandikwe kwa Kiingereza. Hata hivyo, daraja si makao. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka wa 1963, na tanzia hiyo ya Shakespeare haikupungua hadhi kwa kusemwa kwa Kiswahili.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka wa 2027, huku wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wakiwa wamejiunga na shule za sekondari ya juu Januari 2026. Katika mfumo huu mpya, Kiingereza ni lazima lakini fasihi yake, kama somo kamili, ni ya hiari.

Iwapo tanzia itaachiwa wateule wa somo hilo, mtoto wa shule ya kutwa atabaki na sarufi na barua rasmi. Atakosa nafasi ya kujiuliza, pamoja na wenzake, ni nani mwenye hatia: aliyeghushi sahihi, au sheria iliyomnyima mke haki ya kukopa bila idhini ya mumewe.