Siku nane za Tomaso

Tomaso ameonewa. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki jina lake limegeuka tusi: anayeuliza sana huambiwa asiwe Tomaso, kisha mazungumzo hufungwa kwa sala. Husahaulika kwamba ndiye aliyewahimiza wenzake waende Yudea wakafe pamoja na Yesu, wakati wengine wakihofia kupigwa mawe. Tena kuna jambo dogo katika Injili ya Yohana ambalo wahubiri hulipita mbio. Tangu Tomaso akatae kusadiki kwamba Yesu amefufuka asipogusa makovu yake, zilipita siku nane. Yesu alipotokea tena, Tomaso alikuwa humo ndani pamoja na wenzake. Hakuna aliyekuwa amemtoa.

Siku hizo nane ndizo zinazokosekana leo. Muumini akisema imani imemtoka, hukutana na mawili: kukemewa pepo, au kutangazwa kuwa amerudi nyuma na kuvuliwa joho la kwaya. Wengi hujifunza kuigiza. Wanaimba, wanatoa sadaka, wanaitikia amina, na ndani ni patupu.

Mama Teresa wa Calcutta aliishi na utupu huo karibu miaka 50. Barua zake, ambazo mwenyewe alitaka ziharibiwe, zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, na wasomaji wakashangaa: mtawa aliyewaokota wanaokufa barabarani alikuwa akisali bila kuhisi chochote. Kilichomsaidia ni padri Mjesuiti, Joseph Neuner, aliyemsikiliza bila kumkaripia. Alimweleza kwamba giza lile halikutokana na kosa lake, na kwamba kule kumtamani Mungu kwenyewe ni dalili kwamba Mungu yupo naye. Mwaka 1961 Teresa alimwandikia kwamba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11, ameanza kulipenda giza hilo. Giza halikuondoka. Tuzo ya Nobeli ya 1979 ilimkuta humo. Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 2016, likiwa limezisoma barua hizo.

Yapo pia mashaka yasiyoletwa na ukimya wa Mungu bali na mikono ya watumishi wake. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, huko Nyange nchini Rwanda, kanisa lililojaa Watutsi wasiopungua 1,500 lilibomolewa kwa tingatinga. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba; kifungo cha miaka 15 alichopewa mwaka 2006 kikageuzwa cha maisha kwenye rufaa mwaka 2008. Mnyarwanda aliyeacha kwenda misa baada ya hapo hakuwa na imani haba. Alikuwa na kumbukumbu. Baadhi walisilimu, wakiwakumbuka majirani Waislamu waliowaficha.

Kumtaka mtu huyo arudi bila kwanza kukiri yaliyotendeka ni kumtukana. Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliomba msamaha Novemba 2016, na Papa Fransisko akafanya hivyo Machi 2017. Miaka zaidi ya 20! Nani atajenga upya juu ya kifusi ambacho wenye nyumba hawataki kukitaja?

Wapo wanaohofia kwamba maswali yakiruhusiwa kondoo watatawanyika. Waende kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Mwaka 2023 msitu ule ulianza kufukuliwa, na zaidi ya maiti 400 zikatolewa, nyingi za watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Hapo Tomaso mmoja angefaa kuliko wahubiri kumi.

Mahali pa kuulizia tayari papo. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Katoliki wa ukanda huu walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Wanasoma Injili, wanachangia msiba, wanajua nani anaumwa. Ndio waliokesha matangani mama fulani alipofiwa na mwanawe, na ndio wa kwanza kugundua kwamba siku hizi mama huyo hashiki rozari. Wakifupisha matangazo ya michango, ambayo hakika yanafupishika, watapata nafasi ya kumsikia akieleza kwa nini hasali. Kisha wiki inayofuata wakutane tena, hata ikibidi iwe nyumbani kwake.