Heshima kwa Bendera: Tunamfundisha Nini Mtoto Aliyesimama Njiani?

Kila mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha atakabidhiwa, mapema au baadaye, zamu ya wiki nzima. Pamoja na kengele, usafi na daftari la zamu, atakabidhiwa bendera. Maandalio yake ya Hisabati na Kiswahili yatakaguliwa kwa makini, lakini ni nadra mkufunzi kumwuliza amejiandaaje kusimamia dakika chache za mlingotini. Sisi tunaonelea kwamba dakika hizo ni somo kama masomo mengine, na kwamba mara nyingi ni somo linalofundishwa vibaya.

Tulitazame jambo lenyewe. Kengele imelia, wanafunzi wamejipanga, wimbo wa taifa unaimbwa na bendera inapanda. Wakati huo huo wako watoto ambao bado wako njiani, hatua mia moja au mia mbili kutoka uwanjani. Hao wamefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba wimbo wa taifa ukiimbwa mtu husimama wima, popote alipo. Mmoja anasimama, mikono ubavuni, mkoba begani. Mwenzake anainama nyuma ya ua wa michongoma, anakimbia, na kabla ubeti wa pili haujaisha amekwisha kujipenyeza katika mstari wa darasa lake. Wimbo ukimalizika, mwalimu wa zamu anageuka na kuwaita waliochelewa. Anayeonekana ni nani? Ni yule aliyesimama.

Basi aliyetii anachapwa, na aliyeidharau bendera anapona. Shule nzima inashuhudia, tena chini ya bendera yenyewe. Hakuna kipindi cha Uraia, hata kiwe na vifaa bora namna gani, kitakachofuta somo hilo. Watu wazima hawatendewi hivyo. Mpanda baiskeli anayepita karibu na kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni, bendera inaposhushwa, huteremka akasimama. Na bendera ikishashuka huendelea na safari yake, wala hapana amwulizaye kwa nini hakufika nyumbani mapema.

Wako walimu watakaosema kwamba tunatetea uzembe. Hatuutetei. Mtoto aliyechelewa amechelewa, na mwalimu anayo haki ya kuijua sababu: huenda alilala kupita kiasi, huenda alitumwa maji kwanza, huenda nyumbani kwao ni mbali. Tunachokipinga ni kuyafunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana. Kiranja aliye langoni na awaandike wote waliofika baada ya kengele, waliosimama na waliokimbia pia. Shauri lao liamuliwe baadaye, mbali na mlingoti. Tena mwanachuo asisahau kwamba fimbo si yake. Kanuni za mwaka 2002 zimempa mwalimu mkuu mamlaka ya kutoa adhabu ya viboko, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi; viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu wa zamu anayewachapa watoto langoni bila idhini hiyo anavunja sheria, huku akidai heshima kwa alama ya taifa lililoitunga sheria hiyo.

Bendera ina mengi ya kufundishwa ambayo hayahitaji fimbo. Waambie wanafunzi wa darasa la nne waichore bila kuitazama. Wengine wataulaza mkanda mweusi kutoka juu kushoto hadi chini kulia, na mwalimu mwenye haraka atawatia alama ya kosa. Kwanza aulize mtoto husimama upande gani asubuhi. Katika shule ambazo madarasa hujipanga kuuzunguka mlingoti, nusu ya watoto huiona bendera kwa nyuma, na kwa nyuma mkanda huonekana hivyo hivyo walivyouchora. Kwa hiyo maneno “kulia” na “kushoto” hayatoshi. Yafaa kusema: kijani iko juu, karibu na mlingoti, buluu iko chini, mbali na mlingoti, mkanda mweusi wenye kingo za dhahabu huanzia chini mlingotini, ukapanda hadi pembe ya juu iliyo mbali. Upana ni 2, urefu ni 3. Hapo Hisabati imepata mstatili, ulalo na pembetatu mbili bila kununua kifaa chochote.

Maana ya rangi huimbwa na watoto kama kasuku: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, buluu ni maji, dhahabu ni madini. Ni vema wajue pia zilikotoka. Bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa Desemba 1961, ilikuwa na kijani, nyeusi na dhahabu. Ile ya Zanzibar ya mwaka 1964 ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, dhahabu ya upande mmoja na buluu ya upande wa pili ziliwekwa katika kitambaa kimoja. Lakini mtoto ataziona wapi rangi hizo, iwapo bendera ya shule imepauka hata kijani na buluu hazitofautiani? Kamati ya shule ielezwe waziwazi.

Jambo moja zaidi huwakuta wanachuo ghafla. Machi 2021, nchi ilipomwomboleza Rais John Magufuli kwa siku 21, bendera zilipepea nusu mlingoti. Bendera ya namna hiyo haiishii katikati inapopanda: hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo ishushwe hadi nusu, na jioni hupandishwa tena hadi kileleni kabla ya kuteremshwa. Watoto watauliza kwa nini. Mwalimu wa zamu awajibu siku hiyo hiyo, hapo hapo mlingotini, wala asingoje kipindi.