Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wakulima huhesabu magunia, wavuvi huhesabu matenga, na vyuo vikuu huhesabu machapisho. Makala ngapi zimetoka mwaka huu katika majarida ya kimataifa, zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine, na chuo kimeshika nafasi ya ngapi barani Afrika. Mimi sina ugomvi na kuhesabu. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na mwalimu asiyehesabu vitabu vya shule yake huibiwa. Ugomvi wangu ni kwamba katika hesabu hiyo safu moja imeachwa wazi, nayo ndiyo inayonihusu mimi na majirani zangu: ni tafiti ngapi zimerudishwa kwa watu waliofanyiwa, kwa lugha wanayoielewa?

Nasema bila kuuma maneno kwamba utafiti uliofanywa kijijini ukaishia katika jarida la ng'ambo haujakamilika. Ni nusu ya kazi, na chuo kinachomvisha mtu joho kwa nusu ya kazi kinajidanganya chenyewe.

Nitatoa mfano wa karibu na nyumbani. Hapa Tengeru, chini ya Mlima Meru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ikazinduliwa rasmi Novemba 2012. Ilianzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu, ili Afrika ipate wanasayansi wake yenyewe. Kaulimbiu yake, ukiifasiri, ni Taaluma kwa Jamii na Viwanda. Jamii imetangulia, viwanda vimefuata. Majarida hayamo.

Je, taasisi hii imelala? La hasha. Dakta Askwar Hilonga, aliyekuwa mhadhiri hapo, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa maabara, na mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Maji yaliyochujwa kwa chombo chake yakanywewa na watu. Huo ndio utafiti uliofika nyumbani. Lakini fungua hazina ya tasnifu na makala za chuo hiki katika intaneti, nawe utakutana na Kiingereza ukurasa baada ya ukurasa. Wala si Tengeru peke yake. Ukiziacha idara za Kiswahili, ndivyo ilivyo Mbeya, ndivyo ilivyo Dar es Salaam na Morogoro.

Hebu tuangalie maji hayo hayo. Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Meru tunajulikana kwa meno yetu. Meno ya kahawia si uchafu wala si laana. Ni floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano na kuyeyuka katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa sehemu nyingine maji bora zaidi hayakupatikana. Mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, meno hayo huota yakiwa na madoa yasiyofutika. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Nimefundisha mabinti waliokuwa wakicheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Nimewajua vijana waliokwenda mjini kutafuta kazi wakaulizwa kama kwao hupigwa mswaki.

Sasa sikiliza mambo ambayo watafiti wameyajua kwa miongo mingi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki, na yale yaliyosalia huwa makali zaidi. Magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi. Maji ya mvua hayana kiasi cha kudhuru. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa floraidi, na kituo cha Ngurdoto kimelishughulikia jambo hilo kwa miaka. Tena chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana, moja ikafaa na nyingine isifae. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ili lieleweke. Lakini hata leo utamkuta bibi anamchemshia mjukuu wake maji, naye atakwambia kwa imani kamili kwamba anaondoa ile chumvi ya meno.

Miaka ya 1990, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya huku, alikuja mtafiti wa chuo ambacho sitakitaja. Hakikuwa kile cha Tengeru, ambacho wakati huo hakijazaliwa. Alikuwa kijana mwenye adabu. Nilimwandikia barua ya kumtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, nikampa wanafunzi wa darasa la sita wamwonyeshe chemchemi zote, nao wakambebea chupa zake siku tatu. Aliwafungua watoto vinywa, akatazama, akaandika. Aliahidi kutuletea majibu. Nilimwandikia barua mbili, sikujibiwa hata moja. Miaka kadhaa baadaye nilisikia kwa mwalimu mwenzangu kwamba kazi yake ilipita vizuri na shahada ameipata. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini orodha ya chemchemi zetu, ipi ya kunywa na ipi ya kufulia, ilikwenda naye, na watoto waliombebea chupa wakaendelea kunywa kwa kubahatisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, akapona mwenyewe.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimekwisha kuyasikia. La kwanza ni kwamba sayansi ni ya dunia nzima, na dunia inasoma Kiingereza. Sawa. Sijamzuia mtu kuandika Kiingereza. Makala iende London, iende Amsterdam, ikapimwe na wenye ujuzi, kwani huko makosa hukamatwa. Ninachodai ni maelezo ya pili juu ya yale ya kwanza, si badala yake.

La pili ni kwamba Kiswahili hakina maneno. Hilo husemwa na watu wasiofungua makabati yao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tena litazame neno sumukuvu. Mwaka 2016 watu zaidi ya 10 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Mwambie mkulima kwamba mahindi yake yana aflatoksini, atakuuliza inauzwa wapi dawa ya kunyunyizia. Mwambie yana sumukuvu, naye amekwisha kupata nusu ya somo: ni sumu, imeletwa na kuvu, na kuvu hupenda unyevu, basi mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kutiwa ghalani. Neno moja la Kiswahili limebeba mafunzo ya asubuhi nzima.

La tatu ni kwamba kuwaeleza wananchi ni kazi ya bwana shamba na bwana afya, si ya mtafiti. Je, bwana afya atayapata wapi hayo ya kueleza? Majarida mengine humtoza msomaji. Mengine humtoza mwandishi: mwishoni mwa mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja ili isomwe bure na wote. Kwa fedha hiyo shule ya kijiji ingejengewa tangi la kuvunia mvua. Na hata makala ikifunguliwa bure, bwana afya wa kata yangu hana nafasi ya kupambana na kurasa 12 za Kiingereza cha maabara baada ya kutwa nzima ya chanjo.

Yako na mambo yasiyosemwa hadharani. Mhadhiri hupanda cheo hadi uprofesa kwa kutegemea sana machapisho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msifu mtafiti kwa idadi ya makala, naye ataikata kazi moja vipande vinne. Mwingine atakimbilia majarida yanayomchapisha yeyote mwenye kulipa. Mkutubi mmoja wa Marekani, Jeffrey Beall, aliyaorodhesha majarida ya namna hiyo kwa miaka kadhaa hadi alipoifunga orodha yake Januari 2017. Orodha ilifungwa, biashara haikufungwa.

Serikali nayo imetia mkono. Miaka hii ya 2020 Wizara ya Elimu imeanzisha tuzo ya fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Wizara hiyo hiyo mwaka 2022 ilizindua Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa riwaya na mashairi ya Kiswahili. Naipongeza tuzo hii ya pili kwa moyo wote. Lakini ziweke mbili hizo pamoja uone zinamwambia nini mtoto wa shule: Kiswahili kimepewa hadithi, Kiingereza kimepewa ukweli.

Kurudisha majibu si sadaka kwa wanakijiji. Ni mbegu ya sayansi yenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyowekwa kwenye jokofu yakiwa moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuwa mgeni shuleni hapo. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu. Mwaka 1969 maelezo yao yakatoka katika jarida la Physics Education. Ilikuwa makala moja tu, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Swali lilitoka kwa mtoto aliyekuwa akitengeneza aiskrimu. Watu wanaorudishiwa majibu huleta maswali mapya. Wasiorudishiwa hujifunza kufunga mlango, na mtafiti wa kesho hukuta geti lina kufuli.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi aliyekuja kutupima katika mazoezi ya kufundisha hakuridhika na andalio la somo. Alikwenda benchi la nyuma, akamwuliza mtoto aliyekaa mwisho kabisa amejifunza nini. Mtoto akinyamaza, alama zilishuka, hata kama ubao umepambwa kwa chaki za rangi. Vyuo vikuu navyo vipimwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, tasnifu yoyote iliyotumia maji, damu, mazao au muda wa wanakijiji isipitishwe mpaka iambatane na kurasa nne za Kiswahili chepesi, pamoja na muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mhuri wa mtendaji, unaoonyesha kwamba zilisomwa na maswali yakaulizwa. Pili, kurasa hizo zipewe alama katika kupanda cheo, sawa na makala ya jarida. Tatu, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na inayotoa vibali vya utafiti, isimpe kibali cha pili mtu ambaye hajarudisha majibu ya kibali cha kwanza. Hayo hayangoji mfadhili wala mradi. Yanahitaji karatasi nne, nauli ya basi, na mtu anayekumbuka ni nani aliyembebea chupa.